Usione Vyaelea: Safari ya ThinkPad, Kipakatalishi Cheusi cha Kazi

Msimu wa kufunguliwa kwa vyuo unapokaribia, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Pwani: kijana wetu tumnunulie kipakatalishi gani? Baba hutazama bei. Binti hutazama wembamba na rangi. Na mama, ambaye mara nyingi ndiye aliyeziweka fedha hizo kidogo kidogo katika chama, hutaka kujua jambo moja tu: je, kitadumu mpaka mtoto amalize masomo yake?

Katika maduka yanayouza vipakatalishi vilivyokwisha kutumika, aghalabu hakikosekani kimoja kisichovutia macho. Ni cheusi, kimenyooka pembe zake, hakina mng'aro wala nakshi, na katikati ya vibonye vyake kimechomoza kidude chekundu kidogo. Jina lake ni ThinkPad. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Wiki hii tumeona vyema tuwaeleze jinsi kilivyoundwa, kwa sababu katika historia yake limo jibu la swali la mama.

Neno lililopigwa chapa juu ya ngozi

Mwaka 1914, Thomas J. Watson alikabidhiwa uongozi wa kampuni ya Kimarekani ambayo miaka 10 baadaye ilichukua jina la IBM. Bwana huyu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, nalo ni "Think", yaani "Fikiri". Neno hilo lilitundikwa ukutani katika ofisi za kampuni, na likapigwa chapa juu ya majalada ya ngozi ya vijitabu vidogo ambavyo wafanyakazi walivitia mifukoni ili waandike mawazo yao.

Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990, IBM ilikuwa katika dhiki. Mwaka 1992 peke yake ilipata hasara ya karibu dola bilioni 5. Tarakilishi zake za kubebeka hazikuwa zimefua dafu. Ile iliyotolewa mwaka 1986 ilikuwa nzito na haikupendwa. Wakati wa kutafuta jina la chombo kipya, mmoja wa wafanyakazi alikumbuka kile kijitabu cha mfukoni, na ndipo likazaliwa jina ThinkPad, yaani kijitabu cha kufikiria. Kamati ya majina haikuridhika. Mashine zote za IBM ziliitwa kwa nambari, na tena neno hilo lingetafsiriwaje katika lugha za dunia? Lakini jina lilipendwa na waandishi wa habari na wanunuzi, likabaki. Lilitumika kwanza mwezi wa Aprili 1992 kwa chombo cha kuandikia kwa kalamu, kisha mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kikatoka kipakatalishi kilicholieneza duniani, nacho ni ThinkPad 700C.

Bei yake ilikuwa dola 4,350, fedha ambazo mtu wa kawaida, hata wa Marekani, hakuweza kuzitoa kwa urahisi. Kilikuwa na skrini ya rangi yenye upana wa inchi 10.4 kutoka pembe hadi pembe, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa mno kwa kipakatalishi. Hiki kilikuwa chombo cha wakurugenzi na wahandisi, wala hakuna aliyefikiri kwamba siku moja wajukuu wake wangeuzwa kwa bei ya kawaida kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nje kimya, ndani shughuli

Umbo la ThinkPad lilitokana na fikira za Richard Sapper, mbunifu aliyezaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1932, na kufanya kazi zake Milan, Italia. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kujulikana kwa taa ya mezani iitwayo Tizio, iliyotoka mwaka 1972. Kazi ya kipakatalishi hakuifanya peke yake. Nchini Marekani alikuwapo Tom Hardy, aliyesimamia ubunifu wa IBM, na nchini Japani alikuwapo Kazuhiko Yamazaki katika maabara ya Yamato, ambako chombo chenyewe kiliundwa. Mabara matatu yalishirikiana katika kisanduku kimoja.

Sapper alikitazama kipakatalishi kwa mfano wa bento, lile kasha la chakula la Wajapani. Likifungwa ni kisanduku cheusi kisichosema neno. Likifunguliwa, kila kitu kimo mahali pake: wali huku, samaki kule, mboga pembeni, kila kimoja katika chumba chake. Msomaji wa Pwani hana haja ya kwenda Japani ili aielewe fikira hii. Nyumba kongwe za mawe za Lamu hujengwa kwa adabu iyo hiyo. Mpita njia haoni ila ukuta mtupu, na aliyekaribishwa ndani ndiye hukutana na zidaka zilizonakishiwa safu juu ya safu. Uzuri umewekewa anayeishi humo, si anayepita.

Zama hizo tarakilishi za ofisini zilivishwa rangi ya kijivu cheupe. Sapper alichagua nyeusi isiyong'aa. Rangi hiyo haikurudisha mwanga machoni mwa anayefanya kazi, na iliiacha skrini iwe ndicho kitu pekee kinachotazamwa.

Kidude chekundu

Katikati ya weusi huo ikaachwa nukta moja nyekundu, nayo ina kisa chake. Mtafiti aitwaye Ted Selker alisoma mwaka 1984 kwamba mtu anayechapa anapouondoa mkono kwenye vibonye ili ashike kipanya, hutumia robo tatu za sekunde, na muda kama huo tena kuurudisha. Kwa mara moja si kitu. Lakini karani, mwandishi au mhasibu hufanya hivyo mamia ya mara kwa siku. Selker akajiuliza: kwa nini mkono uondoke? Akiwa IBM, yeye na mwenzake Joseph Rutledge walifanya majaribio mengi hadi wakapata kijiti kifupi kilichosimama baina ya vibonye vya G, H na B. Kijiti hicho hakisogei kwa jicho la kawaida. Hupima tu nguvu na uelekeo wa msukumo wa kidole, kisha huusogeza mshale wa skrini kwa kadiri ya msukumo huo.

Rangi nyekundu ilileta mjadala ndani ya kampuni. Kwa kanuni za usalama za IBM, wekundu ulitengewa kibonye cha kuzima mitambo mikubwa wakati wa dharura. Wabunifu hawakutaka ugomvi; waliiandika rangi yao kuwa ni majenta, jina la wekundu unaoelekea zambarau, na kazi ikaendelea. Hadi leo ukimwona mtu na kipakatalishi katika ukumbi wa uwanja wa ndege, nukta hiyo hukueleza ni cha aina gani hata kabla ya kusoma jina.

Tuseme kweli, si kila mtu hukipenda kidude hiki. Wengi waliozoea bamba la kugusa kwa kidole hukiona kigumu katika siku za mwanzo. Wanaokizoea, hata hivyo, ni nadra kukiacha.

Kibodi iliyokunjuka kama mbawa

Mwaka 1995 kilitoka kipakatalishi ambacho hadi leo hutajwa kwa mshangao. ThinkPad 701C kilikuwa kidogo, na udogo wa kisanduku kwa kawaida huwabana vidole. Mhandisi John Karidis aliutatua ugumu huo baada ya kuvitazama vibao vya kuchezea vya binti yake. Aliona kwamba vipande viwili vya mshazari vikitelezeshwa kimoja juu ya ubavu wa kingine, umbo lote hubadilika upana wake. Akaigawa kibodi mara mbili kwa mshazari. Mtumiaji alipofunua kifuniko, vipande hivyo vilijisogeza vyenyewe, vikapanuka na kuungana kuwa kibodi kamili iliyozidi upana wa kisanduku kwa pande zote mbili. Alipofunga, vilirudi ndani. Watu wakaiita kipepeo.

Maisha yake yalikuwa mafupi, kwa kuwa skrini pana ziliposhuka bei, visanduku vikapanuka na hila ile haikuhitajika tena. Lakini 701C kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa jijini New York. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wazazi wasomao ukurasa huu: fikira iliyofika makumbushoni ilianza kwa baba aliyeangalia vitu vya kuchezea vya mtoto wake.

Kupigwa kabla ya kuuzwa

Ubunifu wa umbo peke yake haungeiletea ThinkPad heshima iliyonayo. Heshima hiyo ilijengwa Yamato na wahandisi walioongozwa na Arimasa Naitoh, ambaye wengi humwita baba wa ThinkPad. Katika maabara yao, vipakatalishi viliangushwa, vilikandamizwa, vilitikiswa, na bawaba zake zilifunguliwa na kufungwa tena na tena hadi zichoke. Kilichovunjika kilichunguzwa, kikaimarishwa, kikarudishwa kuangushwa upya.

Matunda ya kazi hiyo tunayaona katika mambo ambayo mnunuzi haonyeshwi dukani. Chini ya kibodi za vipakatalishi vingi vya aina hii kuna mifereji na matundu ya kupitishia maji, ili kikombe cha chai kikimwagika kwa bahati mbaya, kioevu kitoke kwa chini badala ya kufika kwenye mitambo. Mwaka 2003 kikaongezwa kitambuzi cha mwendo. Diski za zama hizo zilizunguka maelfu ya mara kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa mwanya mdogo kupita unywele. Mshtuko mmoja ungetosha kukifanya kichwa hicho kiikwaruze diski na kupoteza kazi ya miaka. Kitambuzi kilipohisi kwamba chombo kinaanguka, kiliamrisha kichwa kiondoke mahali pa hatari kabla ya kugonga sakafu.

Kuaminika huko kuliifikisha ThinkPad mbali zaidi ya ofisi. Mwezi wa Desemba 1993, ilisafiri katika chombo cha anga Endeavour, katika ile safari ya kwenda kuirekebisha darubini ya Hubble. Baadaye vipakatalishi vya jina hilo vilitumika kwa miaka mingi katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Kitabu cha fundi

Sasa tunafika penye kiini cha makala haya. Wanaoisifu ThinkPad husifu rangi yake, kibodi yake na uimara wake. Sisi tunaona kwamba sifa iliyo kubwa kuliko zote ni nyingine, nayo ni kwamba ilijengwa ili ifunguliwe.

Kwa kila aina ya ThinkPad, kampuni ilichapa kitabu cha matengenezo kinachoonyesha, kwa michoro, parafujo ipi itolewe kwanza na ipi ifuate, kila kipande kina nambari gani, na kiagizwe kwa jina lipi. Kitabu hicho hakikufichwa; yeyote aliweza kukipata bila malipo. Katika vipakatalishi vingi vya zamani, hata sehemu ya chini ya kisanduku ilichorwa alama ndogo kando ya parafujo, kuonyesha kwamba hizi zashika kibodi na hizi zashika memori. Betri ilitoka kwa kusukuma vishikizo viwili. Diski ilitoka kwa parafujo moja au mbili.

Matokeo yake tunayaona leo. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hununua vipakatalishi kwa mamia, huvitumia kwa miaka michache, kisha huviondoa na kuleta vipya. Vilivyoondolewa havikufa. Kwa kuwa vyafunguka, husafishwa, hubadilishwa betri, huongezwa memori, na husafiri hadi nchi zetu. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya mkurugenzi kimekuwa chombo cha mwanafunzi, cha mwalimu wa madrasa anayeandaa mitihani, na cha mama anayeweka hesabu za biashara yake ya mapishi.

Mwenye nyumba alipobadilika

Mwezi wa Desemba 2004, IBM ilitangaza kwamba inaiuza biashara yake ya tarakilishi za watu binafsi kwa Lenovo, kampuni iliyoanzishwa Beijing mwaka 1984. Mauzo yalikamilika Mei 2005, na thamani yake, pamoja na madeni yaliyochukuliwa, ilikuwa dola bilioni 1.75. Wapenzi wengi wa ThinkPad waliingiwa na hofu kwamba sasa ubora utashuka. Lakini wahandisi wa Yamato waliendelea na kazi yao chini ya mwenye nyumba mpya, na kisanduku cheusi chenye nukta nyekundu kikabaki.

Mabadiliko yalikuja, hata hivyo. Mwaka 2012 kibodi ya safu saba iliyopendwa sana iliondolewa, ikaletwa ya safu sita. Malalamiko hayakwisha, hata ilipofika mwaka 2017, katika kuadhimisha miaka 25, kampuni ikatoa toleo maalumu lililoirudisha kibodi ya zamani.

Badiliko lililo zito zaidi halikuonekana kwa nje. Dunia ilipopenda vipakatalishi vyembamba, ThinkPad nazo zilikonda, na wembamba una gharama yake. Katika aina kadhaa, memori iligandishwa juu ya bodi kuu, isiweze kubadilishwa tena, na betri ikafichwa ndani. Chombo cha namna hiyo memori yake ikiharibika, mara nyingi bodi nzima huwa imekwisha. Kwa bahati njema, upepo umeanza kugeuka. Mwaka 2024 Lenovo ilitoa T14 ya kizazi cha tano, iliyobuniwa kwa kushirikiana na iFixit, kampuni inayopima urahisi wa kutengeneza vyombo, nayo ikapewa alama 9 kati ya 10.

Unapokwenda kununua

Kwa familia inayotafuta kipakatalishi kilichokwisha kutumika, historia hii yote huishia katika maswali machache ya kumwuliza muuzaji.

Kwanza, uliza umri wa mtambo wake. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa mitambo ya Intel, Windows 11 huhitaji ya kizazi cha nane au zaidi. Hii ndiyo sababu ThinkPad T480, ya mwaka 2018, hutafutwa sana: mtambo wake wafaa, memori yake haikugandishwa, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, hata waweza kuibadilisha ya nje pasipo kuizima. Vilivyo vya kale zaidi si vya kutupwa, kwani vinaweza kutiwa Linux, ambayo haina malipo, lakini mnunuzi ajue mapema kabla ya kutoa fedha yake.

Pili, kiwashe na uingie katika mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Kikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, kiache. Katika ThinkPad nywila hiyo ni ngumu mno kuiondoa. Tena huenda ikawa ni dalili kwamba chombo hakikutoka kwa mwenyewe kwa njia ya haki. Omba risiti yenye nambari ya chombo. Hakuna familia inayopenda mtoto wake asome kwa mali ya wizi.

Tatu, bonyeza kila kibonye, fungua na ufunge bawaba, tazama skrini ikiwa nyeupe tupu ili uone madoa, na uangalie betri inashika kiasi gani cha nguvu ikilinganishwa na ilipokuwa mpya. Kisha muulize muuzaji: memori yaweza kuongezwa? Betri yaweza kubadilishwa? Akisita, mwambie akifungue mbele yako.

Na kikishafika nyumbani, tungependa bisibisi nayo ifike. Joto na unyevu wetu wa Pwani, pamoja na vumbi, hukaa ndani ya feni na kukifanya kipakatalishi kipate moto na kupungua kasi. Kijana, awe wa kiume au wa kike, akae mezani na kile kitabu cha matengenezo, atoe parafujo kwa mpangilio, asafishe feni, na arudishe kila kitu mahali pake. Fundi wa mtaani atapungukiwa na kazi moja ndogo, na nyumba itakuwa imepata mtu anayekijua chombo chake kwa ndani.